Naenda msibani katika wilaya yenye kipindupindu: nijikinge vipi?

Mjukuu wa Bibi:
Salaam, wanajamvi. Nimefiwa na bibi yangu, na kesho alfajiri nasafiri kwa basi kwenda kijijini, katika wilaya ambayo kipindupindu kimetangazwa wiki iliyopita (bibi mwenyewe amefariki kwa uzee). Nimenunua barakoa na chupa mbili za vitakasa mikono, lakini kinachonisumbua zaidi ni msiba wenyewe. Kwetu watu hunawa katika beseni moja linalozungushwa, kisha hula sinia moja, na anayejitenga huonekana ana dharau. Nifanyeje ili nisiugue, wala nisiwavunjie wazee heshima?

Muuguzi Mstaafu:
Pole kwa msiba, ndugu yangu. Barakoa haitakusaidia, kwa kuwa kipindupindu hakienezwi kwa hewa; vimelea vyake hutoka katika kinyesi na matapishi, vikaingia kinywani mwa mtu mwingine kupitia maji, chakula au mikono. Nilihudumu katika kambi ya wagonjwa Dar es Salaam wakati wa mlipuko ulioanza Agosti 2015, na wengi tuliowapokea hawakukumbuka kumkaribia mgonjwa yeyote, kwani aliyeambukizwa anaweza asioneshe dalili na bado akatoa vimelea kwa siku kadhaa. Hapo ndipo hatari ya lile beseni ilipo: anayenawa mwisho huoga uchafu wa wote waliomtangulia. Vitakasa mikono vitakufaa ndani ya basi, ila havichukui nafasi ya sabuni na maji tiririka, hasa utokapo chooni. Maji ya kunywa yachemshwe hadi yatokote, au yatiwe dawa ya klorini na kuachwa nusu saa.

Mama Lishe wa Stendi:
Wali unaopakuliwa ukifuka moshi haunitishi. Kinachonitisha ni kachumbari, matunda yaliyokwisha kumenywa, na barafu ya kwenye juisi, ambayo hakuna ajuaye imegandishwa kwa maji gani. Kuhusu wazee, usikatae beseni mbele ya watu. Peleka ndoo mbili zenye koki pamoja na mche wa sabuni kama sehemu ya rambirambi yako, uziweke penye turubai, kisha umwombe mjomba anayeheshimika anawe wa kwanza. Tulifanya hivyo katika msiba wa shemeji yangu na beseni halikutoka tena jikoni, ingawa shangazi mmoja alinuna mpaka tunarudi kutoka makaburini.

Mjukuu wa Bibi:
Ahsanteni sana. Ndoo nitazinunua leo. Je, mtu akianza kuharisha hapo msibani, na kituo cha afya kiko mbali?

Muuguzi Mstaafu:
Akiharisha majimaji meupe kama maji yaliyooshea mchele, msisubiri hata kidogo, kwa sababu kipindupindu kikali huweza kuua ndani ya saa chache kwa kuumaliza mwili maji. Mpeni ORS (unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji ya kunywa) papo hapo. Ikikosekana, changanyeni lita 1 ya maji safi na vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, anywe kidogo kidogo hata akiwa juu ya bodaboda kuelekea kituoni. Asifichwe ndani kwa aibu. Na ikitokea mtu amefariki kwa ugonjwa huu, kuosha maiti waachieni wahudumu wa afya, hata kama ni ndugu yenu wa damu.