Mdaiwa akimuuzia shemeji yake nyumba, nani athibitishe?

Ndugu zangu, msimamo wangu ni huu: anayedaiwa akimuuzia ndugu yake mali huku kesi ya deni inaendelea, huyo ndugu ndiye athibitishe kuwa alinunua kweli. Mzigo huo asitwishwe mdai.

Mtazameni mdai. Ameshinda kesi, anakwenda kukaza hukumu, yaani kukamata mali ya mdaiwa ili alipwe, anakuta nyumba ina jina la shemeji. Hati ilisainiwa wiki mbili kabla ya hukumu. Malipo? "Nilimpa taslimu." Na mdaiwa bado analala mle mle, kodi za wapangaji anapokea yeye. Mdai atathibitishaje walichonong'onezana watu wawili sebuleni?

Ndiyo maana mahakama husoma nia kwenye dalili. Uingereza walitunga sheria ya kuzuia hila hizi mwaka 1571, na mwaka 1601 ikaamuliwa kesi ya Twyne. Mtu aitwaye Pierce alikuwa anadaiwa: pauni 400 na Twyne, pauni 200 na mwingine. Huyu wa pili aliposhtaki, Pierce akamwandikia Twyne mali yake yote kwa siri, kisha akaendelea kukata manyoya ya kondoo na kuwatia alama yake. Hati yenyewe ilijitangaza kuwa imefanywa kwa uaminifu, na majaji wakaliona hilo kuwa dalili ya hila. Kumbukeni deni la Twyne lilikuwa la kweli, na bado alishindwa.

Mtaniambia undugu si kosa, na mwenye shida humkimbilia nduguye kwanza. Sawa kabisa. Lakini aliyelipa kweli hakosi cha kuonyesha: fedha zilitoka wapi, zikaingia wapi, na kwa nini hakuhamia wala kupokea kodi. Kwake ni kazi ya siku moja. Kwa mdai ni miaka.

Panaponipa taabu ni hapa. Shemeji ameshaiuza nyumba kwa mtu baki, aliyelipa bei kamili bila kujua lolote. Huyo simtoi, mdai afuate fedha kwa shemeji. Lakini kama kesi ilikuwa wazi mahakamani na mnunuzi hakuuliza, bado tumwite mwenye nia njema? Nyinyi mnasemaje?