Bendi yetu inavunjika na albamu haijatoka: jina, nyimbo na deni tunavigawaje?

Besi_ya_Chini:
Wakuu, naombeni ushauri, na mliowahi kuwa kwenye bendi msipite kimya.

Napiga gitaa la besi kwenye bendi ya roki ya watu wanne. Hatuna lebo, kila kitu tumejigharimia. Tulianza kwa kufungulia shoo za wenzetu, tukapiga vyuoni na kwenye kumbi ndogo, mpaka redio za ukanda wetu zikaanza kucheza nyimbo zetu bila kuombwa. Ikafika mahali watu wanaimba mstari wangu wa besi kabla hata mwimbaji hajafungua mdomo. Nje ya ukanda huu hatujulikani, lakini humu ndani hakuna tamasha la roki linalopangwa bila sisi kupigiwa simu.

Mambo yalianza kuharibika pale promota mmoja alipotaka kumsaini mwimbaji wetu peke yake. Alikataa, ila tangu siku ile hakuwa yule tuliyemzoea. Yeye pia anapiga gitaa. Tukijaribu vyombo, anageuza ampu yake, kile kikuza sauti cha gitaa, imwelekee yeye tu. Mpiga dramu akigonga fimbo mara nne za kuingilia, jamaa haangalii tena upande ule, anaingia anavyojua. Mnaopiga mnajua hiyo ina maana gani: hataki tena kwenda pamoja na wenzake. Sasa ametuma ujumbe kwenye kundi: anamaliza shoo zilizobaki, kisha basi.

Albamu imesharekodiwa, imebaki sauti za vyombo kuchanganywa pamoja, na studio inatudai. Maneno karibu yote aliandika yeye, lakini muziki tuliujenga wote. Mpiga gitaa wa pili anataka tutafute mwimbaji mpya na tuendelee na jina lilelile. Mpiga dramu ni dada yake mwimbaji, yeye anasema jina life. Mimi nimekaa katikati, na huyu mtu ni rafiki yangu tangu shule. Nifanyeje?

Mzee_wa_Ampu:
Pole sana mkuu. Jina liache kwanza. Malizeni karatasi mkiwa bado mnasalimiana.

Kuna haki mbili ambazo watu wa bendi huzichanganya. Ya kwanza ni ya utunzi, yaani maneno na melodi. Ya pili ni ya rekodi yenyewe, ile sauti iliyonaswa studio. Rekodi mmeilipia wote, kwa hiyo hapo una pa kusimama. Kwenye utunzi ndiko utakakoumia, kwa sababu nchi nyingi mstari wa besi huhesabiwa kuwa mpangilio tu, yaani namna ya kuupiga wimbo na si utunzi, usipoandikwa mapema kuwa ni sehemu ya wimbo. Kama watu wanauimba, uombe sasa, kwa upole, wimbo kwa wimbo.

Bendi ya R.E.M. wa Athens, Georgia, Marekani, waliwaandika wanne wote kuwa watunzi, bila kujali nani alileta nini. Mpiga dramu wao Bill Berry alipoondoka 1997 hapakuwa na vita ya mirabaha, yaani malipo ya watunzi, na waliobaki wakaendelea mpaka 2011. Naamini hilo lilichangia sana wao kubaki marafiki.

Hakimiliki_Kwanza:
Naongezea kwa Mzee. Msikubaliane kwa mdomo. Bendi ya The Smiths wa Manchester walivunjika 1987 alipoondoka mpiga gitaa Johnny Marr. Mapato ya rekodi na maonyesho yalikuwa yakigawanywa hivi: mwimbaji Morrissey na Marr asilimia 40 kila mmoja, mpiga besi Andy Rourke na mpiga dramu Mike Joyce 10 kila mmoja. Joyce akaenda mahakamani, na mwaka 1996 akapewa haki ya 25, kwa sababu haikuthibitika kwamba aliwahi kuikubali hiyo 10. Sheria ya ubia ya Uingereza, ya tangu 1890, inasema wabia wasio na makubaliano mengine hugawana sawa. Rufaa ikatupwa 1998. Hesabuni miaka tangu walipoachana.

Sheria za kwenu zinaweza kutofautiana, kwa hiyo mtafuteni wakili wa hakimiliki hata kwa kikao kimoja. Mwende wote wanne, asiende mmoja akawarudishia habari.

Binti_Dramu:
Mimi napiga dramu, na hapa namhurumia huyo dada kuliko wote. Mkiendelea na jina, kila shoo atakaa nyuma ya mtu aliyesimama mahali pa kaka yake. Mnamwomba kitu kikubwa mno.

Mleta mada, tazama bendi ya Uncle Tupelo wa Belleville, Illinois, Marekani, iliyoongozwa na waimbaji wawili, Jay Farrar na Jeff Tweedy. Farrar alitangaza kuondoka 1994, wakamaliza ziara, shoo ya mwisho wakapiga St. Louis, karibu na nyumbani. Waliobaki na Tweedy hawakung'ang'ania jina, wakaanzisha Wilco. Farrar naye akaunda Son Volt. Mwaka 1995 kila upande ukatoa albamu yake. Halafu mwaka 2000 Farrar na Tweedy walilazimika kusimama upande mmoja kuidai lebo yao ya zamani mirabaha. Kwa hiyo hata mkiachana vibaya, saini ya huyo rafiki yako utaihitaji tena.

Mstari_wa_Mbele:
Mimi ni shabiki tu, sipigi chochote. Naomba kitu kimoja: tuambieni wenyewe, kabla ya shoo ya mwisho, kwa tangazo lenye majina yenu wote. Bendi niliyoipenda kuliko zote ilivunjika nikaja kusikia kwa uvumi, na sikuwahi kuwaaga. Na hiyo albamu itoeni kwa jina la zamani. Ni kazi ya watu wanne, isibadilishwe sauti.

Besi_ya_Chini:
Asanteni sana wote. Nimempigia simu rafiki yangu, tumeongea bila makelele kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Amekubali tukutane wote na wakili, na kuhusu mstari wa besi ametaja mwenyewe nyimbo mbili kabla sijauliza. Binti_Dramu, umenisaidia kuamua: jina sitalitetea. Mpiga gitaa bado amekasirika, nitakaa naye. Linabaki deni la studio. Tuchange sasa au tusubiri mauzo ya albamu?

Mzee_wa_Ampu:
Msisubiri. Mapato ya shoo zilizobaki yaende studio kwanza, kabla ya mtu yeyote kuchukua chake. Mkishalipa, chukueni mafaili yote ya kila chombo kivyake, si nakala iliyochanganywa tu, na kila mmoja wenu awe na yake. Bendi ya Galaxie 500 walipovunjika 1991 na lebo yao ikafilisika, rekodi zao kuu, zile za asili za studio, zilipigwa mnada, na ilibidi mpiga dramu wao azinunue. Zenu ziko kwenye kompyuta ya mtu mnayemdai kazi na anayewadai pesa. Anza na hilo kesho asubuhi.