Waya wa oksi wa kujitengenezea: jeki ipi, waya upi?

Kibuyu_Mbagala
Wakuu, habari za muda huu. Napiga muziki kwenye shughuli ndogo ndogo huku Mbagala: vikoba, kipaimara, sendofu za uani. Simu inaingia kwenye mikisa, mikisa inaingia kwenye amplifaya. Tangu mwaka uanze nimezika nyaya nne za oksi, yaani waya wa kutoa sauti kwenye simu, zile zilizomwagiwa plastiki shingoni. Zote zimekufa kifo kimoja. Upande wa kushoto unakwenda na kurudi, unabaki umeushika waya kwa vidole viwili kama mtu anayetafuta stesheni, halafu unazima kabisa bibi harusi akiwa mlangoni.

Nimeamua kutengeneza wangu, mita moja na nusu. Mezani nina mambo matatu. Naweza kukata waya wa hedifoni za zamani na kufunga jeki za chuma zisizo na jina. Au nichukue jeki ya kampuni ya Neutrik au Rean na waya wa maikrofoni wa kupimiwa kwa mita. Au nimsikilize jamaa anayenishawishi niagize waya wa fedha uliosukwa, anasema sauti "inafunguka". Jumamosi naingia Kariakoo, naomba ushauri kabla sijatoa hela.

FundiRedio_Moro
Mkuu, waya wa hedifoni uache. Nyuzi zake zimepakwa vanishi yenye rangi, mara nyingi nyekundu ni kulia, kijani au bluu ni kushoto, na katikati wamepitisha nailoni ili usikatike. Risasi ya kulehemu inateleza juu ya vanishi kama maji kwenye jani la gimbi. Watu huunguza kwa kiberiti, masizi yanabaki, lehemu inashika nusu, na wiki mbili baadaye unarudi palepale kwa kushika waya na vidole.

Njia ya kuutoa ipo: weka tone la risasi kwenye ncha ya pasi ya kulehemu iliyopata moto sawasawa, zamisha uzi ndani ya tone, subiri moshi ukatike, utaona shaba imevaa risasi. Huo moshi usiuvute. Ila hata ukifaulu, waya ule uliundwa kwa ajili ya masikio, haukuundwa kukanyagwa na wapishi waliobeba sufuria la pilau. Na nyingi hazina wavu wa kukinga mvumo.

BintiDarajani
Naungana na fundi, ila waya wa maikrofoni nao una shari yake: unene. Canare L-4E6S, kwa mfano, una milimita 6. Jeki nyingi za milimita 3.5, zile za simu, mlango wake wa nyuma ni mwembamba kuliko hapo. Mie nilinunua kwa mbwembwe, kufika nyumbani hauingii. Nikaanza kuuchuna ganda kama namenya muhogo, ukaingia, na hapo hapo nilipouchuna ndipo ulipokatika.

Nenda na jeki mkononi. Fungua kava, lipitishe kwenye waya hapo hapo dukani kabla hujalipa. Na simu yako ivalishe kava lake unalotumia kila siku ujaribu jeki nayo, maana jeki nene ya chuma hugota kwenye tundu la kava la simu, inaingia robo tatu tu, kisha unasema waya mbovu.

Kijana_wa_Luthuli
Salamu kutoka Nairobi. Hapa mtaa wa Luthuli, kwenye maduka ya elektroniki, jeki zenye nembo ya Neutrik ziko karibu kila meza, lakini nembo si ushahidi wa chochote. Mimi natumia vidole. Shika ncha ya jeki, jaribu kuizungusha. Ikizunguka hata kidogo, rudisha, kwa sababu ule msumari unaoishikilia ndani umelegea tayari na joto la pasi litamalizia. Kisha fungua kava utazame meno ya kubana waya. Jeki isiyo na meno hayo inaachia lehemu ibebe mzigo wote wa kuvutwa, na lehemu haikuzaliwa kwa kazi hiyo.

Kuhusu fedha: ndiyo, inapitisha umeme kuliko shaba, kwa asilimia 6 hivi. Sasa piga hesabu. Waya wa shaba wa geji 24 una ukinzani wa takriban omu 0.084 kwa mita. Mlango wa mikisa kwa kawaida ni omu 10,000 au zaidi. Hiyo asilimia 6 ya 0.084 inakwenda kufungua sauti gani mbele ya elfu kumi? Mwambie jamaa akununulie yeye.

Cha kuogopa ni alumini iliyopakwa shaba. Kwaruza uzi mmoja kwa wembe. Ukianza mwekundu ukageuka mweupe ndani, hiyo ni alumini, inavunjika ukiikunja na hailehemeki vizuri. Ukiwa mweupe juu na mwekundu ndani, usiogope, hiyo ni shaba iliyopakwa bati.

Chaja_Mbovu
Mimi nina roli ya waya wa intaneti nyumbani, ule wa jozi nne. Si unafaa? Bure kabisa.

FundiRedio_Moro
Ukutani unafaa. Mwingi una uzi mmoja mgumu ndani ya kila rangi. Ukunje na kuukunjua kila wikendi uone utafika Pasaka gani.

Mzee_wa_Vinanda
Vijana, mnabishana waya na hakuna aliyemuuliza upande wa pili unachomekwa wapi. Kibuyu, tundu la mikisa yako likoje?

Kibuyu_Mbagala
Shikamoo mzee. Ni tundu moja kubwa, la milimita 6.35, huwa naingizia adapta. Na kwa kuwa umeuliza: kuna nyimbo mwimbaji anapotea kabisa. Ngoma zipo, kinanda kipo, mwimbaji yuko mbali kama anaimba kwa jirani. Nilikuwa nalaumu simu.

Mzee_wa_Vinanda
Marahaba. Simu haina kosa. Tundu hilo ni la kupokea ishara moja kwa njia mbili, yaani linachukua kilicho kwenye ncha ya jeki na kutoa, kama hesabu ya kutoa, kilicho kwenye pete, ile sehemu inayofuata ncha. Kwa maikrofoni hilo ni jambo jema, mvumo ulioingia njia zote mbili unafutika. Wewe unalipelekea kushoto kwenye ncha na kulia kwenye pete. Mwimbaji huwekwa katikati ya wimbo, yuko sawa kushoto na kulia, kwa hiyo mikisa inamtoa mwimbaji kwa mwimbaji. Ukifunga jeki ya dhahabu hapo atapotea vile vile.

Fanya hivi. Upande wa simu jeki ya 3.5 yenye mistari miwili myeusi. Upande wa mikisa jeki ya 6.35 ya mono, yenye mstari mmoja. Uzi wa kushoto upitie rizista, kile kijidude cha kukinza umeme, ya omu 1,000, uzi wa kulia upitie nyingine kama hiyo, zikutane kwenye ncha. Wavu uende kwenye shina, ile sehemu ndefu ya nyuma ya jeki, pande zote mbili. Rizista za robo wati zinaenea ndani ya kava la jeki kubwa, zivalishe mpira unaosinyaa kwa moto zisigusane na chuma. Usisokote kushoto na kulia pamoja bila rizista, maana utakuwa umeunganisha milango miwili ya simu isukumane yenyewe kwa yenyewe.

Kijana_wa_Luthuli
Heshima mzee. Si angetoa jeki mbili za mono, kushoto chaneli moja, kulia nyingine? Anabaki na stirio yake.

Mzee_wa_Vinanda
Angeweza, kama ana chaneli za kuchezea na spika mbili zinazotazamana na watu wale wale. Kwenye uani wa Mbagala spika moja iko kwa wapishi na nyingine kwa wageni. Wapishi wasikie gitaa tu, kwa kosa gani?

BintiDarajani
Hahaha, mzee.

Kibuyu, na jeki ya mistari mitatu usidanganyike ukaichukua ukidhani ni bora. Sehemu ile ya ziada ni ya maikrofoni ya simu. Kwenye simu za sasa sifuri, yaani njia ya umeme kurudi, iko kwenye pete ya pili na shina ndilo la maikrofoni, ukilehemu wavu kwenye shina peke yake utasikia sauti ya ndani ya pipa.

Siku ya kulehemu, chomeka jeki kwenye tundu bovu la redio ya zamani kwanza. Plastiki ya ndani ikilainika kwa joto, tundu linaishikilia isipinde. Risasi ya 63/37, yaani bati 63 kwa risasi 37, inayeyuka kwenye joto la nyuzi 183 za Selsiasi, hukai na pasi muda mrefu. Na pitisha kava kwenye waya KABLA ya kulehemu. Nimeandika kwa herufi kubwa kwa sababu najijua.

Dereva_Tax_Bubu
Wadau nadandia humu humu. Kwenye gari, nikichaji simu huku nimechomeka oksi, kuna mlio unaopanda nikikanyaga mafuta. Waya mzuri utaondoa?

FundiRedio_Moro
Hapana kaka. Chomoa chaja uone mlio unakwenda wapi. Sifuri ya chaja na sifuri ya redio zimekutana kwenye simu yako, zimefanya mzunguko. Tafuta kile kiboksi kidogo chenye transfoma ndani kinachokaa katikati ya oksi.

Kibuyu_Mbagala
Wakuu, mrejesho. Jumamosi nilikwenda na jeki mfukoni kama alivyosema Binti. Duka la tatu ndio nikapata waya wa nyuzi mbili na wavu, wa milimita 4 hivi, unaingia kwenye kava bila kuchunwa. Nimekwaruza kwa wembe, mweupe juu, mwekundu ndani, muuzaji akaniuliza kama mimi ni polisi. Rizista nilipewa bure nilipotaja ni mbili tu.

Nimelehemu upande wa mikisa kwanza, nimebana meno, nimeingiza mpira, nimevuta kwa nguvu, umetulia. Nimejaribu na ule wimbo uliokuwa unaniaibisha. Mwimbaji amerudi, tena yuko mbele kabisa, mke wangu katoka jikoni kuuliza kama nimenunua spika.

Upande wa simu nao nimelehemu safi, kushoto na kulia vimepima sawa kwenye mita, meno nimeyabana. Sasa natazama mezani naona kava la jeki limelala pembeni ya kikombe cha chai. Mzee, kuna namna ya kuliingiza kwa mbele?

Mzee_wa_Vinanda
Hakuna. Washa pasi.