Nani kamwambia yule bwana mdogo kuwa sindano ya santuri inasukumwa kwa kidole?

Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Yule bwana mdogo wetu, mnamjua, mjuzi wa muziki ambaye hajamaliza wimbo tangu azaliwe. Nimeweka santuri, gitaa linaingia taratibu, tarumbeta bado. Anauliza, "Wimbo unaanza lini?" Sijajibu, kanyoosha kidole kaisukuma sindano mbele. Kidole! Krrrrr! Mlio ule waliozikwa wamegeuka.

Halafu ananiambia eti mimi sikuwahi kununua muziki, nilinunua plastiki. Yeye anasikiliza mtandaoni, Spotify, analipia kila mwezi, siku asipolipa anabaki na nini? Spotify wanahesabu wimbo umesikilizwa ukifika sekunde 30. Huyu hata hizo hazifikishi!

Lakini kidole, wakuu. Kwenye sindano.

Kanda_Mbili: Pole sana mkuu. Huyo huyo alinikuta narudisha kanda kwa kalamu, akauliza nanoa nini. Asiguse tena kitu chenye mota.

Bila_Waya: Mleta mada punguza presha, mkwaruzo mmoja unalia kama umefiwa. Sisi tukichoka na wimbo tunabonyeza kitufe, maisha yanasonga.

Mleta mada: Kitufe kiko wapi kwenye santuri? KATUMIA KIDOLE!

Mzee_wa_CD: Wa santuri mnadeka. Sisi tulianza na CD mwaka 1982, tukaambiwa sauti safi milele. Leo mtu anaishika upande unaong'aa kwa vidole vya mafuta, anaifuta kwa shati, inakwama pale pale kwenye kiitikio. Mbona hatufunguliwi uzi?

Kufuli_Tupu: Heri nyie mnashika kitu. Nyimbo nilizonunua iTunes, duka la mtandaoni la Apple, kabla ya 2009 nyingi zilikuja na kufuli: hazipigi ila kwenye kompyuta uliyoiruhusu kwa nywila yako. Kompyuta imekufa, nywila sikumbuki. Pesa yangu imo humo ndani.

Kanda_Mbili: Kufuli gani! Mimi nilivunja vile vidude vya juu ya kanda ya dakika 90 isirekodiwe tena. Aliyeazima kaziba matundu kwa selotepu, karekodi mahubiri pande zote mbili. Na kasha hajarudisha.

Mzee_wa_CD: Makasha usiniguse! Dada yangu kila CD anairudisha kwenye kasha la nyingine. Nafungua natafuta rumba, natoka na kwaya.

Bila_Waya: Kwaya gani hiyo mkuu? Irushe humu.