Nakwenda Istanbul mwezi wa Januari: nivae nini, na nijifunze vipi mitindo ya wanawake wa huko?

Binti Shangani:
Assalaam aleikum ndugu zangu. Inshallah mwezi wa Januari nitakwenda Istanbul kwa mafunzo ya kazi, na nitarudi Unguja mwanzoni mwa Februari. Nguo zangu za kazini ni gauni refu, buibui jepesi na mtandio, na sina hata sweta moja la maana. Sitaki kuacha sitara yangu, wala sitaki kuonekana mjini kama mgonjwa aliyefungwa mablanketi. Kilichonivutia ni namna wanawake wa Kituruki wanaojisitiri wanavyopanga rangi na mishono. Ningependa niwatazame, nijifunze, kisha nirudi na mtindo ambao fundi ataweza kuushona kwa kitambaa cha hapa. Picha ninazoziona mitandaoni ni za wanamitindo waliopambwa kwa ajili ya matangazo, na siamini kwamba ndivyo watu wanavyokwenda kazini. Je, nitazame wapi, ninunue nini kabla ya safari, na kipi nikiache hadi nifike?

Aliyesoma Fatih:
Wa aleikum salaam, dada yangu. Januari Istanbul huwa na wastani wa nyuzi 6 hivi za sentigredi, mvua ni nyingi, theluji huanguka baadhi ya siku, na upepo wa Bosporasi, mlango-bahari unaopita katikati ya mji, hupenya kila mahali palipo wazi. Kwa hiyo anza na baridi, urembo ufuate. Nunua hapa fulana za ndani za mikono mirefu na skintaiti nzito, uzivae chini ya magauni yako yaleyale. Koti usilinunue hapa, kwa sababu Januari huko huwa ni kipindi cha punguzo la nguo za baridi, na utapata linalokukaa vizuri. Buibui linaloburura litalowa pindo kabla hujafika kituo cha tramu, basi lipunguze lifike kwenye kifundo cha mguu.

Ama mahali pa kutazama, panda kivuko cha asubuhi kati ya Üsküdar na Eminönü. Humo utakuta walimu, wauguzi, wanafunzi na wauza maduka wakienda kwenye shughuli zao, na nguo walizovaa ni zile zinazostahimili siku nzima. Angalia mambo machache tu: koti linaishia wapi kulinganisha na gauni, rangi ya mtandio imerudiwa wapi (mara nyingi kwenye mkoba au viatu), na shingo imefunikwaje ili upepo usiingie. Katika mitaa ya Fatih na Üsküdar utawaona wengi wanaojisitiri kama wewe, wengine kwa koti refu la vifungo ambalo huitwa pardösü pamoja na skafu ya mraba ya hariri. Ukienda mtaa wa Kadıköy utaona vijana wenye koti fupi juu ya sketi ndefu, mtandio uliolegezwa na raba nyeupe, na mimi binafsi huko ndiko nilikojifunza zaidi. Mtaa wa Nişantaşı ni pa matajiri. Tazama vioo vya maduka upite. Usimpige mtu picha bila idhini yake. Beba kijitabu, uandike rangi na urefu.

Kuhusu mtandio kazini usiwe na wasiwasi, kwani tangu mwaka 2013 katazo la kuuvaa liliondolewa katika ofisi nyingi za serikali.

Bi Mkubwa wa Wete:
Mwanangu, hao wamesahau viatu. Huko utavua viatu msikitini na pia majumbani mwa watu, kwa hiyo chukua buti zenye zipu ubavuni, zisizopitisha maji, na soksi nzima zisizo na matundu. Tia na kanga mkobani, maana utajifunika ndani ya ndege na utaisalia popote. Nami nauliza: kwa nini sisi tu ndio tuwatazame wao? Vaa mtandio wako wenye rangi za kwetu, nao wakutazame.

Binti Shangani:
Ahsante sana, Bi Mkubwa, kanga nitaichukua na mtandio wa rangi pia. Swali langu lililobaki ni hili: koti la kule limekusudiwa baridi, nasi hapa tunatoka jasho hata kivulini. Fundi ataligeuzaje livalike Unguja?

Cherehani ya Mchangani:
Dada, acha uzito wake, chukua mkato wake. Koti la baridi lina bitana na mabega yaliyojazwa, na vyote hivyo hapa vinaondoka. Vinavyobaki ni kola, mstari wa vifungo, mifuko ya ubavuni na urefu. Kwa kitambaa, pamba nyepesi au kitani kitafaa kuliko poliesta, ambayo hung'aa vizuri dukani lakini hushika jasho. Ukitaka kanga, usikubali fundi aikate ovyo, kwa sababu uzuri wake uko kwenye pindo: pindo lishuke pande mbili za uwazi wa mbele na lingine lizunguke mwisho wa mikono, na mji, yaani sehemu ya katikati ya kanga, ubaki mgongoni. Doti moja haitoshi koti refu lenye mikono, basi nunua mbili za rangi na mchoro mmoja, na uzifue kabla ya kuzileta ili zisije zikaruka baada ya kushonwa. Ukiwa huko, kila koti litakalokupendeza dukani lijaribu, kisha uandike upana wa bega, urefu wa mkono na upana wa chini. Vifungo vizuri navyo vinunue hukohuko. Na hilo utakalolivaa safarini niletee lenyewe. Sitalifumua, nitalilaza mezani nichore kiolezo chake kwenye karatasi.