MC wa mahafali aliyemnyang'anya mwanangu maiki, Mungu anakuona!

Wakuu, nimetoka kwenye mahafali ya chekechea sasa hivi, hata viatu sijavua. Mikono inatetemeka. Simtaji jina, hana haja ya kutajwa: yule MC mwenye suti inayong'aa kama bati jipya, anayeanza kila sherehe na "mpooo?" Kama una mtoto shule yoyote ya jiji hili, ameshakupasua masikio.

Mwanangu ana miaka 6. Alipewa shairi la kuwaaga walimu, beti nne. Wiki tatu nyumba nzima tumeishi ndani ya hilo shairi. Namenya vitunguu, anaghani. Namwogesha, anaghani. Mpaka Mangi wa duka la nje analijua. Jana usiku nimefua soksi zake nyeupe kwa mkono nikazikausha nyuma ya friji, maana mvua haikukatika. Mama yangu kadamka usiku wa manane huko Korogwe awahi basi, kaja na shada lake la karatasi za kung'aa, kakaa mstari wa tatu.

Mtoto akapanda jukwaani. Ubeti wa kwanza, kimya, watu wanasikiliza. Wa pili, "Mwalimu nakushukuru, kwa kunishika mkono", nikamwona mwalimu wake anajifuta macho. Wa tatu ndio wa bibi yake, tuliuongeza wenyewe nyumbani. Akanyoosha mkono kule alikokaa bibi, akasema, "Bibi yangu nakuona..."

Maiki ikachomolewa.

Ikachomolewa wakuu! "Makofi kwa mtotooo, muda si rafiki, DJ twende!" Eti mgeni rasmi ana kikao. Mgeni rasmi huyohuyo aliyefika saa 8 mchana wakati kadi inasema saa 4 asubuhi, watoto wameshaiva ndani ya majoho kama mahindi ya kuchemsha! Na huo muda uliookolewa umeenda wapi? Mtoto wa mwenyekiti wa kamati kucheza mara ya pili. MARA YA PILI.

Mwanangu mkono bado uko hewani. Mdomo wazi. Bibi naye alishanyanyuka na shada lake, amesimama nusu, hajui aende au akae.

Mchango nimelipa 60,000, joho nimekodi 15,000, na nusu mshororo imemshinda kusubiri! "Bibi yangu nakuona, umetoka mbali sana." Hesabuni wenyewe ni sekunde ngapi. Huyu siku ya kiyama atamkatiza malaika parapanda aseme muda si rafiki.

Kwenye bajaji mtoto kaniuliza, "Mama, nilikosea wapi?" Nimjibu nini?

Kibatari: Huyohuyo! Mwaka jana kwenye mahafali ya la saba alisoma majina kama konda anaita vituo. Kijana wangu kapokea cheti kwa jina la mwenzake.

Fundi Mchundo: Chai hii, umetunga. Uzi bila video.

Mleta uzi: Video ninayo, ila inaonyesha kisogo cha baba mmoja aliyesimama mbele na tableti kubwa kama sinia. Sauti ipo. "Bibi yangu nakuona", halafu kraaa.

Mama Wawili: BABA WA TABLETI! Dada, huyo ndiye wa kushtakiwa, MC mwache. Kila shule yupo. Nina mahafali mawili ya kisogo chake.

Bitozi Mstaafu: Kwani chekechea joho la nini? Kamaliza shahada ya kupaka rangi? Sisi la saba tulipewa soda na biskuti, tukarudi nyumbani kulisha mbuzi.

Mama Wawili: Na wivu ukakuanzia hapohapo.

Mleta uzi: Mada ni maiki jamani. Mkono wa mtoto ulikuwa HEWANI.

Mzee wa Kaptula: Raha ya mzazi iliisha Januari 2023, baraza la mitihani, NECTA, walipoacha kutangaza wanafunzi kumi bora. Zamani mtoto anasomwa redioni, mtaa mzima unakuamkia kwa heshima. Sasa tunamalizia hasira kwenye keki na MC.

Jirani wa Nairobi: Afadhali nyinyi. Huku kwetu KCPE, mtihani wa darasa la nane, ya mwisho ilikuwa 2023. Siku ya matokeo mtoto alikuwa anabebwa juujuu, majirani wanaimba. Sai mzazi ndiye anakesha akishona mwanasesere wa matambara wa CBC, huu mtaala mpya, halafu makofi anapigiwa mtoto.

Tikiti Maji: Mimi kilio changu ni pilau. Mchango huohuo 60,000, nyama kama kete ya drafti. Kamati wao wana kuku mzima nyuma ya turubai.

Kibatari: Huko nyuma ya turubai kuna nchi nyingine kabisa. Niliona trei tatu za soda zinapakiwa kwenye buti.

Fundi Mchundo: Hiyo siyo chai, hata mimi niliziona. Gari nyeupe.

Mleta uzi: Mama yangu anarudi Korogwe kesho na lile shada, hajalivalisha popote. Hakuna hata mmoja aliyenijibu nimwambie nini mtoto.

Tikiti Maji: Gari nyeupe yenye keria juu? Huyo ni mweka hazina!

Mama Wawili: Samahani, nipo nje ya mada. Nani anajua wanapokodisha majoho ya watoto kwa chini ya 15,000? Wangu wa mwisho anamaliza Ijumaa.