STERINGI HAFI, ADUI HAFI, HADITHI HAIISHI: Muvi za mashujaa zimenichosha

Wakuu, salamu.

Nimeandika na kufuta mara tatu tangu asubuhi, sasa naituma hivi hivi. Asiye na muda apite. Atakayekuja na "kama umechoka usiangalie", nimemjibu huko chini.

Mimi si mgeni wa hizi muvi, wala si katika wale wanaoziita za watoto. Nimezifuata tangu Iron Man ya 2008. Endgame ya 2019 ilikuwa filamu ya 22 kwenye ule mlolongo wa Marvel na nilikuwa nimeziona zote, nyingine mara tatu tatu. Tony Stark, yaani Iron Man mwenyewe, alipokufa nililia, na sioni aibu kulisema. Kwa hiyo hapa analalamika mtu wa ndani kabisa.

Kilichonifikisha hapa ni jambo dogo. Juzi nilikaa na mdogo wangu tuangalie muvi moja ya miaka hii, mwendelezo wa mwendelezo. Dakika ya kumi akauliza, "Huyu dada ni nani?" Nikamwambia. "Sasa mbona analia?" Nikasimamisha picha, nikaanza kumweleza kwamba kuna sizoni nzima ilitangulia, na kabla ya hiyo sizoni kuna muvi mbili. Tukaendelea. Akauliza tena, nikasimamisha tena. Mara ya nne akaweka simu chini, akaniangalia, akasema, "Kaka, tuache tu. Wewe nisimulie inaishaje."

Nikafungua mdomo nikakosa la kusema. Zaidi ya miaka 15 nafuatilia kitu kimoja na siwezi kumwambia mtoto kinaishaje, kwa sababu hakiishi. Usiku ule sikulala vizuri, nikawa nayapanga haya.

Sote tumekua na ule msemo, steringi hafi. Lakini kumbukeni zile picha zilivyokuwa. Steringi hafi, sawa, ila rafiki yake wa chanda na pete anakufa, na akifa amekufa. Ndiyo sababu steringi anaingia msituni peke yake na hasira zake, na sisi tunaingia naye. Adui naye mwisho wake tunauona kwa macho yetu. Mwishoni unasimama umeshiba, hadithi unayo nzima, kesho yake unaweza kumsimulia mwenzako ambaye hakuwepo.

Sasa hivi hafi mtu. Loki alinyongwa mbele yetu mwanzoni mwa Infinity War, 2018. Mwaka 2021 ana sizoni yake. Gamora alitupwa kutoka juu ya jabali kwenye muvi hiyo hiyo, Endgame ikatuletea Gamora mwingine wa wakati uliopita, sura ile ile, ila yeye hatukumbuki sisi wala hatujui. Na Wolverine, wakuu. Hili ndilo linaloniuma kuliko yote. Mwaka 2017 walimzika kwenye Logan. Kaburi la mawe msituni, msalaba wa vijiti, yule binti mdogo amebaki nyuma wenzake wakiondoka. Anaung'oa msalaba, anauegemeza ubavu ukasomeka X, anaondoka. Basi. Nilitoka ukumbini sikumsemesha mtu. Kwangu ule ulikuwa mwisho bora ambao shujaa yeyote wa vitabu vya katuni amewahi kupewa.

Mwaka 2024 Deadpool & Wolverine inafunguka kwa kulifukua kaburi lile lile. Mifupa ya marehemu inatolewa na kufanywa silaha ya kuchomea watu, huku muziki unapigwa. Ukumbi mzima unacheka. Ikakusanya zaidi ya dola bilioni 1.3. Najua mtasema ni mzaha, na kwamba Wolverine anayeonekana baadaye ni wa ulimwengu mwingine, yule wa 2017 bado amekufa. Hilo hilo ndilo ninalolilalamikia! Ukishaleta malimwengu sambamba yasiyo na idadi, kila marehemu ana nakala yake mahali fulani, ikihitajika inavutwa. Mwandishi hapotezi kitu. Mimi nimekaa gizani nimeshika mdomo kwa ajili ya kifo ambacho kwao ni likizo.

Halafu wakamleta Robert Downey Jr. mwenyewe, yule yule aliyekuwa Tony Stark. Julai 2024, San Diego, amepanda jukwaani na kinyago cha kijivu na joho la kijani, anakivua, watu wanapiga kelele kama wamepagawa: ndiye atakayekuwa Doctor Doom, adui mpya. Nampenda yule bwana, ni mwigizaji mkubwa. Lakini nilijisikia kama niliyetoka msibani kwa mtu, nikamkuta njiani amebadilisha nguo tu.

Kuna kitu kingine kimekufa pamoja na kifo, nacho ni uzito. Rudini mkaiangalie Iron Man ya kwanza, sehemu ya pangoni. Tony kifuani ana sumaku ya kuzuia vipande vya bomu visifike kwenye moyo. Wanayeyusha madini kidogo, hayatoshi kurudia. Yinsen, mateka mwenzake, anakibeba kile chombo kwa koleo, polepole, anamimina kwenye kalibu, na wewe uliyekaa kwenye kiti umebana pumzi kwa sababu mkono ukitetemeka kidogo tu kazi yote imeharibika. Kisha nyundo. Chuma kinapigwa mpaka kinatoka kinyago kibaya, kizito, kama kimekatwa kwenye bomba. Baadaye akiwa nyumbani kwake mashine zinamfunga lile vazi kipande kwa kipande, skrubu kwa skrubu, na kumvua ni kazi nyingine. Ndiyo maana risasi ikigonga unashtuka. Unajua ndani kuna mtu.

Miaka kumi baadaye vazi linamtiririkia mwilini kama maji. Kofia inaota na kuyeyuka kila mara, staa aonekane uso. Hakuna fundi, hakuna nyundo, hakuna kinachoweza kuharibika. Halafu mnaniuliza kwa nini sishtuki tena.

Sasa tuje kwenye madeni. Kile kipande kinachowekwa baada ya majina kupita, mimi nakiita hati ya deni. Mwaka 2008 jasusi Nick Fury alimtokea Tony Stark akamwambia kuna watu anataka kuwakusanya. Mwaka 2012 The Avengers ikatoka. Walikopa, wakalipa, na faida juu. Hapo ndipo walipotuzoesha kukaa kwenye viti dakika kumi nzima huku wenzetu wanatoka, wafagiaji wanaingia na mifagio wanatuangalia.

Waliposhatuzoesha wakaanza kukopa bila nia ya kulipa. Novemba 2021, Eternals: anatokea Harry Styles, anaitwa Eros, ndugu yake Thanos, yule adui mkuu wa Infinity War na Endgame. Ukumbi ulilipuka. Shang-Chi, mwaka huo huo: zile pete za nguvu anazorithi shujaa zinatuma ishara, zinamwita nani? Mei 2022, muvi ya pili ya Doctor Strange: Charlize Theron, anaitwa Clea, anapasua hewa kwa kisu, yeye na Strange wanaingia pamoja gizani. Julai 2022, muvi ya nne ya Thor: Hercules anatumwa akamshughulikie Thor. Mpaka 2025 inakwisha hakuna filamu iliyotuambia Eros alienda wapi, nani aliitwa na pete, giza lile lilikuwa na nini, wala kama Hercules alifika alikotumwa. Hayo ni makubwa tu. Sijagusa madogo.

Na msidhani upande wa pili, kwa DC ya Warner Bros., wenye Superman na Batman, kuna nafuu. Oktoba 2022, Black Adam: mwishoni kabisa anaingia Henry Cavill na vazi la Superman. Akatangaza mwenyewe kwamba amerudi. Desemba hiyo hiyo akatangaza kwamba hapana, harudi tena, uongozi mpya una mipango mingine. Wiki chache tu! Watu waliokuwa wamelipa tiketi kwa sababu ya kile kipande nani aliwarudishia? Mwaka huo huo, Agosti, Warner Bros. waliizika Batgirl ikiwa imeshapigwa picha, muvi ya dola milioni 90 hivi, kwa hesabu za kodi. Leslie Grace ameigiza mhusika mkuu kwa miezi na kazi yake haitaonekana. Muvi za jikoni zinazikwa, marehemu wa kweli wanafukuliwa. Mnaonaje?

Wingi nao. Sitakaa sana hapa kwa sababu kila mtu anaujua. Mwaka 2021 pekee Marvel ilitoa filamu 4 na sizoni 5. Episodi za hizo sizoni ukizijumlisha ni 36. Mtu ana kazi, ana familia, ana usingizi. Ilikuwa starehe, ikawa masomo, tena masomo yenye mtihani: usipoangalia episodi ya sita hutaelewa muvi ya mwezi wa tano. Bob Iger, aliyekuwa bosi wa Disney wenye Marvel wakati huo, alikuja kukiri hadharani kwamba wingi ulipunguza ubora, wakapunguza idadi. Sawa, lakini aliyekiri ni yule yule aliyepika, na sisi tulishakula.

Waliobeba mzigo huo ni wale vijana wa picha za kompyuta. Mkiona mkono wa shujaa unaonekana kama plastiki msiwatukane wao. Trela imeshatoka, tarehe imeshatangazwa, na bado wanaambiwa badilisha pambano lote la mwisho. Septemba 2023 watu wa kazi hiyo pale Marvel walipiga kura ya kujiunga na chama cha wafanyakazi, na kila aliyepiga kura alisema ndiyo. Hakuna hata mmoja aliyesema hapana. Hiyo inatosha kuwaambia hali ya humo ndani.

Haya, nije kwa yule wa "usiangalie".

Mkuu, watu wameshaacha kuangalia, hukuona? Captain Marvel ya 2019 iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.1. Mwendelezo wake, The Marvels wa 2023, uliishia milioni 206 hivi. Kuna wanaosema ni kwa sababu wahusika wakuu ni wanawake watatu. Nalikataa hilo kabisa, ile ya 2019 steringi alikuwa mwanamke, mmoja wa hao hao watatu, na tulijaa. Tofauti ni kwamba ya 2019 uliingia mikono mitupu ukaelewa. Ya 2023 ilitaka uwe umemaliza WandaVision na Ms. Marvel ndipo ujue wale wawili wengine wametoka wapi. Waigizaji walifanya kazi nzuri, yule binti Iman Vellani hasa, ana furaha inayoonekana mpaka machoni. Wamelipishwa wao makosa ya mezani.

Na mimi sitaki kuacha. Mngenielewa hapo. Ninalalamika kwa sababu nakipenda. The Batman ya 2022 niliikalia karibu saa tatu bila kuchoka, haikunidai nijue chochote. Superman ya James Gunn ya 2025 inaanza shujaa ameanguka kwenye theluji, amevunjika, anatoa damu, anapiga mluzi kumwita mbwa wake. Dakika moja tu nikawa nimeshaingia, kwa sababu anaumwa na anaonekana anaumwa. Mdogo wangu aliiangalia yote bila kuuliza swali, na ilipoisha alimsimulia mama jikoni, mwanzo mpaka mwisho, na mikono inarushwa hewani. Nikawa nimesimama mlangoni namsikiliza. Hicho tu ndicho ninachokitaka. Muvi ambayo mtoto anaweza kuisimulia.

NYONGEZA: Naona wengine wananiambia eti vitabu vya katuni vyenyewe ndivyo vilivyo, watu wanakufa na kufufuka tangu zamani, kwa hiyo nivumilie. Superman aliuawa 1992 na mwaka uliofuata akarudi, nalijua hilo. Lakini kitabu ni mchoro, hakizeeki. Hugh Jackman anazeeka. Tumemwona Wolverine akiwa kijana mwaka 2000 na tumemwona ana mvi 2017, na uzee ule ulikuwa ndani ya hadithi, ulikuwa ndiyo hadithi yenyewe. Muvi ina kitu ambacho katuni haina, muda wa mtu wa kweli, nao wameutupa.

NYONGEZA 2: Mkuu aliyeuliza kama nitaenda kuangalia Avengers: Doomsday ikitoka, jibu ni kwamba kwanza nataka nilipwe ninachodai. Nimeorodhesha manne hapo juu: Eros, pete, giza la Clea, Hercules. Na wewe kama unadai kipande chochote walichokionyesha baada ya majina wakanyamaza, kiweke hapa chini, jina la muvi na mwaka. Nitaviongeza vyote kwenye uzi huu kadiri mnavyovileta.